Maoni ya Mwanaima

Sehemu ya kumi ya Nchi ya Majua Mawili ilifika Shinyanga kwa treni, imefungwa robota moja na magazeti, na kufikia adhuhuri duka la vitabu la karibu na stesheni halikuwa na nakala hata moja. Watu walikuwa wameingoja miaka minane. Walioanza kuusoma mfululizo huo wakiwa wanafunzi sasa walikuwa na watoto wanaokwenda shule. Wengi walishakata tamaa. Walisema mtunzi amekufa, wengine wakasema ameokoka na kuchoma karatasi zake zote. Basi kilipoonekana kile kijitabu chembamba, jalada lina majua yake mawili, jekundu na jeupe, watu walikigombea kama wagombeavyo sukari siku inapopatikana.

Zamoyoni hakugombea. Alikuwa fundi cherehani, kibaraza chake kikiwa njiani baina ya stesheni na soko, na mwenye duka la vitabu alikuwa na suruali yake ya Idi kwa fundi huyo. Alimwekea nakala chini ya meza. Zamoyoni aliipokea, akaifunga ndani ya kipande cha marekani, akarudi kwenye mashine na kukanyaga mpaka alasiri bila kujua anashona nini. Kola moja aliishona kichwa chini, ikabidi aifumue.

Wakati ule alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mchache wa maneno, ila mwenye sauti nzuri ya kusomea. Aliishi na mama yake, Bi Kijakazi, ambaye macho yalikuwa yakimwacha kidogo kidogo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kibaraza. Mke hakuwa naye. Aliwahi kuwa naye.

Alifunga kazi mapema siku hiyo, akasoma kitabu chote kabla jua halijazama. Alipomaliza alikifunga, mkono ukabaki juu ya jalada.

Jambo lenyewe lilikuwa punda.

Asiyeufahamu mfululizo ule itabidi aelezwe. Palikuwa na nchi iliyomulikwa na majua mawili, mfalme aitwaye Kutu akaliiba moja na kulifungia kisimani. Sirati, binti wa mhunzi, akatoka kwenda kulitafuta, na mwenzake wa safari alikuwa punda asemaye, jina lake Kisirani. Kisirani alilalamika tangu ukurasa wa kwanza. Alilalamikia mzigo, njia, majani ya nchi za watu, na mashairi ya wachawi. Hakuwa shujaa hata kidogo, na labda ndiyo maana watu walimpenda kuliko Sirati mwenyewe. Halafu, mwishoni mwa sehemu ya tano, daraja la ukungu likakatika. Sirati alikuwa ameshavuka. Kisirani alikuwa katikati. Mtunzi alimzika kwa aya moja. Watu wazima walilia, na pale Shinyanga kulikuwa na fundi baiskeli aliyekataa katakata kununua sehemu ya sita.

Sasa, katika sehemu ya kumi, Sirati anafika mdomoni mwa kisima, amechoka, hana maji, anageuka nyuma, na Kisirani huyo hapo amesimama. Mzima. Hakuna anayeeleza ametokea wapi.

Siku zilizofuata kibarazani kwa Zamoyoni hapakuwa na mazungumzo mengine. Mwalimu Stanslaus wa shule ya msingi alikuja na nakala yake, ameipigia mistari ya kalamu nyekundu kama daftari la mtoto.

"Huu ni utapeli," alisema. "Aliyekufa amekufa. Kama mtunzi anaweza kumrudisha punda vivi hivi, basi sisi tuliomlilia alitufanya wajinga."

"Mimi hakunifanya mjinga," alijibu Bi Tabu, muuza vitumbua, ambaye kitabu alisomewa na binti yake. "Nililia, na sasa nimecheka. Kilio changu na kicheko changu, vyote halali yangu."

"Lakini aeleze, Bi Tabu. Aseme hata kwamba punda alinasa kwenye mti."

"Mti gani kwenye ukungu, Mwalimu?"

Karani mmoja wa reli alishikilia kwamba yule si Kisirani bali ni Mfalme Kutu aliyejigeuza, na kwamba watakuja kumkumbuka siku hilo litakapodhihirika. Wengine walisema mtunzi amezeeka, amesahau alichoandika. Walibishana mpaka vitumbua vikapoa.

"Mbona Fundi kimya?" Mwalimu aliuliza. "Umekisoma kabla yetu sote. Unasemaje?"

"Bado nafikiri," alisema Zamoyoni, akainamia mashine.

Ukweli ni kwamba hakuwa na la kusema, kwa sababu kwake yeye Kisirani hakuwahi kufa. Duniani walikuwapo watu wawili tu ambao kwao punda yule alivuka daraja la ukungu salama salimini, akaendelea kulalamika sehemu ya sita, ya saba, ya nane na ya tisa. Mmoja alikuwa Zamoyoni. Wa pili alikuwa Mwanaima.

Alimpata Mwanaima enzi mgodi wa Geita ulipokuwa bado unafanya kazi. Zamoyoni alikwenda huko kushona ovaroli za wafanyakazi, na Mwanaima alikuja kutoka Chato na baba yake, mfanyabiashara aliyewauzia wachimbaji samaki wakavu. Walioana, akamleta Shinyanga. Mwanaima hakujua kusoma. Wasichana wa nyumba yao walikaririshwa Kurani, na herufi nyingine hakuna aliyeona haja ya kuwafundisha. Kwa hiyo Zamoyoni alimsomea. Kazi ikiisha, mke akiwa mkekani anatia vifungo au anakunja upindo, fundi alisoma kwa sauti, na kila sura ikimalizika walibishana. Mwanaima alikuwa mbishi wa vitabu. "Huyu Sirati ana papara," angesema. "Jua haliibiwi kwa papara." Au, "Yule mchawi ndiye msema kweli peke yake, utaona." Mara nyingi alipatia. Ikafika mahali Zamoyoni akawa anangoja maoni ya mkewe kuliko alivyoingoja hadithi yenyewe.

Sehemu ya tano ilitoka mwezi ule mtoto wao alipofariki. Alikuwa wa kike, hakufikia siku ya kupewa jina. Mwanaima akawa hali chakula, hasemi, analala amegeukia ukuta. Jioni moja akasema bila kugeuka, "Nisomee."

Zamoyoni akamsomea. Kisirani alilalamikia ukungu, akasema unamwingia masikioni na atakuwa kiziwi kabla ya kuwa mzee, na Mwanaima akacheka kidogo. Lilikuwa cheko la kwanza tangu msiba. Zamoyoni akafunua ukurasa, jicho likamtangulia kama kawaida ya msomaji, akaliona daraja linakatika.

Hakupata muda wa kufikiri. Alisoma: "Na Kisirani akaruka, akatua ng'ambo kwa matako, akasema, Laiti ningezaliwa ng'ombe."

Mwanaima aligeuka, akamtazama. "Endelea," alisema.

Maneno yale hayakuwamo kitabuni. Na kwa kuwa aliendelea jioni ile, ilimbidi aendelee kila sehemu mpya ilipokuja. Aliisoma kwanza peke yake, akatafuta pa kumtia punda, kama fundi anavyotafuta mshono wa kuongezea kitambaa katika suruali iliyobana. Kila alichokiona duniani na kumkera akampa Kisirani akisema. Vumbi la Shinyanga, foleni ya maji, wateja wasiojua kiuno chao, vyote vilipita mdomoni mwa punda. Mwanaima alicheka mpaka sindano ikamchoma. "Mtunzi huyu," alisema siku moja, "pengine anapotea, lakini upande wa punda anapatia." Zamoyoni aliinamisha uso.

Kuachana kwao hakukuwa na kelele. Mtoto mwingine hakuja. Bi Kijakazi alitaka mwanawe aoe mke wa pili, akamchagulia binti mmoja huko Kahama. Mwanaima akasema ukewenza hauwezi, bora apewe talaka yake kwa heshima. Zamoyoni akatoa talaka moja, moyoni akidhani watarudiana kabla eda haijaisha. Alikuwa akisubiri neno kutoka kwa Mwanaima, naye Mwanaima akisubiri neno kutoka kwake, na eda ikaisha. Yule binti wa Kahama aliolewa na mtu mwingine. Mwanaima alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao Chato hakudai kitanda wala sufuria. Alisema, "Vile vitabu nipe mimi."

Zamoyoni alimpa vyote tisa. Alijiuliza atavifanyia nini, na ndani ya huzuni yake akapata faraja ndogo, kwamba hataweza kuvisoma.

Sasa sehemu ya kumi ilikuwa mkononi, na hamu iliyomshika haikuwa ya kitabu. Mwalimu aliposema utapeli, Zamoyoni alisikia jinsi Mwanaima angemjibu. Alisikia hata lile guno lake kabla ya jibu. Lakini jibu lenyewe halikuja. Aliweza kuukumbuka mkono wake, upindo, taa, mkao wake mkekani. Maoni yake hakuweza kuyatunga. Maneno ya punda aliyatunga miaka mingi, lakini ya Mwanaima yalimshinda.

Na kumpelekea kitabu aliogopa. Mtu angemsomea, kaka yake au jirani, na ukurasa wa kurudi kwa Kisirani ulikuwa wazi kabisa: mtunzi alikumbusha kwamba Sirati aliiacha mifupa ya punda chini ya daraja. Mwanaima angeuliza, mifupa gani? Angejua. Jioni zile zote alizocheka angeziona ni jioni za uongo.

Aliyemtoa katika fikira hizo alikuwa mama yake. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele kwa vidole, maana macho hayakumsaidia tena.

"Punda yumo?" aliuliza Bi Kijakazi.

"Punda gani, mama?"

"Yule mlalamishi. Kuta za nyumba hii ni za udongo, mwanangu. Mlikuwa mkisoma, nami nasikia."

"Yumo."

"Basi mpelekee mwenyewe."

Hakusema mwenyewe ni nani, wala Zamoyoni hakuuliza. Bi Kijakazi aliendelea na mchele wake. Tangu Mwanaima aondoke, jina lake halikuwahi kutajwa na mama yule, na hata leo hakulitaja.

Kulikuwa na dereva wa lori aliyeitwa Ngassa, Msukuma mpana wa mabega, aliyepeleka sabuni, vitambaa na vyombo vya bati kwa wenye maduka wa Kahama, Ushirombo na Buseresere hadi Chato, kisha akarudi na samaki wakavu. Hakujua kusoma na hakuona haya kusema hivyo. Ujumbe ukimpa, aliufikisha neno kwa neno, hata kikohozi cha mtumaji alikifikisha.

"Nimwambie nini?" aliuliza, akikigeuzageuza kijitabu kwenye kiganja chake kikubwa.

"Mwambie sehemu ya kumi imetoka. Nataka maoni yake."

"Maoni ya nini?"

"Ya punda."

Ngassa alimtazama. "Fundi, nipeleke lori mpaka ziwani kuuliza habari za punda?"

"Ndiyo, ndugu yangu."

"Kazi ipo gete, kweli kweli," alisema Ngassa, akakitia kitabu chini ya kiti cha dereva.

Mvua zilikuwa zimeanza upande wa magharibi, na barabara ikaharibika. Zamoyoni alishona sare za shule, akashona kanzu, akawasikiliza watu wakibishana. Kila lori lililopiga honi upande wa soko lilimfanya aondoe mguu kwenye mashine. Aliwaza kitabu kimelowa. Aliwaza kimefika na hakuna wa kukisoma. Kisha akawaza kimesomwa, na hilo ndilo lililomnyima raha kuliko yote.

Ngassa alirudi mvua zilipopumzika. Aliketi kwenye benchi la wateja, nguo zikinuka samaki, akaomba maji, akanywa yote.

"Amekusalimu," alisema. "Kisha akasema: Mwambie Fundi nimekisoma."

"Amesomewa na nani?"

"Sikusema amesomewa. Amekisoma. Nilikuwa pale pale hotelini kwake nakunywa chai. Anafuata mstari kwa kidole, midomo inamcheza, kama wale wote wa kisomo."

Zamoyoni hakuwahi kulifikiria hilo. Nchi nzima watu wazima walikuwa wakiingizwa madarasani, hata Bi Tabu alijaribu akashindwa kwa ajili ya vitumbua, na yeye mwenyewe alishona bendera ya darasa moja la kisomo hapo mjini. Lakini katika mawazo yake Mwanaima alibaki vile vile, mkekani, ana sindano, anasubiri kusomewa.

"Akasema nini tena?"

"Akasema: Mwambie vyote nimevisoma, kuanzia cha kwanza. Mwambie cha tano nimekirudia." Ngassa alihesabu kwa vidole kama mtu anayehakikisha hakuacha neno. "Nikamwambia, mama, huyu bwana alitaka maoni. Akasema, maoni yangu hayapakiwi kwenye lori pamoja na samaki."

Safari iliyofuata ya Ngassa, Zamoyoni alikuwa kiti cha pili. Bi Tabu alikubali kumwangalia mama. Njia nzima tangu Kahama Ngassa alitaka asimuliwe, kwa kuwa alisema hawezi kuendelea kubeba ujumbe wa mambo asiyoyajua, na Zamoyoni akamsimulia sehemu zote, zilivyoandikwa na alivyozisoma yeye. Ngassa aliendesha akisikiliza, akikwepa mashimo. Walipopita Buseresere akatoa maoni yake, kwamba kosa ni la Sirati: mtu mwenye mnyama hutanguliza mnyama darajani, humjaribishia njia, na mnyama akikataa kupita basi hupiti.

Hoteli ya Mwanaima ilikuwa chumba kimoja chenye meza na mabenchi, karibu na pale samaki wanapoanikwa. Zamoyoni alimwona kabla hajaonwa. Alikuwa amenenepa kidogo. Amejifunga kanga kiunoni, anageuza maandazi kwenye karai, na shingo yake ilikuwa ile ile.

"Karibu, Fundi," alisema, bila kuonyesha kushtuka. Hata alipokuwa mkewe alimwita Fundi. "Habari za Shinyanga?"

"Nzuri. Pole na kazi, Mwanaima."

"Nimeshapoa."

Alimmiminia chai, akamwekea maandazi, akaketi upande wa pili wa meza. Kijitabu kilikuwa pale pale rafuni, baina ya makopo ya chai, na vile tisa vimepangwa kando yake, vimechakaa kwa kusomwa.

"Ulijua lini?" Zamoyoni aliuliza.

"Nilipofika cha tano. Nilisoma ukurasa ule nikadhani sijajua kusoma vizuri. Nikaenda kwa mwalimu wetu wa kisomo, nikamwambia herufi hizi zinanidanganya. Akanisomea. Nikamwambia haiwezekani, punda huyu ni mzima, habari zake ninazo mpaka cha tisa. Darasa zima likacheka."

"Ulikasirika."

"Nilikasirika sana. Niliona umenifanya mtoto." Alifuta meza ambayo haikuwa chafu. "Halafu nikavisoma vilivyobaki nikimtafuta. Cha sita hayumo. Cha saba hayumo. Na mimi maneno yake nayakumbuka yote, Fundi, mpaka lile la foleni ya maji. Nikaelewa kwamba yote yalikuwa yako. Nilikaa kwako miaka ile nikiona hunisemeshi. Unashona, unakula, unalala. Kumbe ulikuwa unanisemesha kwa mdomo wa punda."

Zamoyoni alikishika kikombe kwa mikono miwili. Alitaka kusema kwamba ni kweli, na kwamba hakulijua hilo mpaka alipolisikia sasa hivi, lakini wateja wawili waliingia, Mwanaima akainuka kuwahudumia. Aliporudi Zamoyoni akauliza kile kilichokuwa rahisi zaidi.

"Na cha kumi?"

"Kibaya."

"Kibaya vipi? Si amerudi?"

"Amerudi nani? Umekisoma vizuri? Tangu ajitokeze hajalalamika hata mara moja. Anambebea Sirati mzigo kimya, anatoa mawaidha. Watu walilia wakitaka punda, naye mtunzi kawapa punda. Yule waliyemlilia hakuwapa."

"Lakini ametoka kufa, Mwanaima. Aliyetoka huko atalalamikia majani?"

Mwanaima aliguna, guno lile lile. "Kisirani angelalamikia kufa kwenyewe. Angesema kule kuna baridi, na hakuna wa kumkuna mgongo."

Zamoyoni alicheka mpaka chai ikamwagika. Akabisha. Alisema mtu hubadilika, na mtunzi naye amekuwa mtu mzima, hawezi kuandika kama kijana. Mwanaima akasema kubadilika sawa, lakini aonyeshwe anabadilika. Huwezi kumpeleka mtu kaburini mlalamishi ukamtoa shekhe. Zamoyoni akaenda rafuni, akakileta kitabu, akamwonyesha mstari ambao yeye aliona una lalamiko ndani yake. Mwanaima akausoma mwenyewe, taratibu, kidole kikitangulia, na Zamoyoni akamsikiliza. Hakuwahi kuisikia sauti yake ikisoma. Ilikuwa inajikwaa kwenye maneno marefu, kisha inainuka na kuendelea. Aliomba moyoni ukurasa usifike mwisho.

"Hili si lalamiko," alisema Mwanaima alipomaliza. "Hii ni dua."

Wale wateja wawili walikuwa wameacha kula wanasikiliza. Jua lilishuka, wenye samaki wakaanza kukunja majamvi. Zamoyoni alijua Ngassa anapakia, na akipiga honi mara moja hangojei sana.

"Mwanaima," alisema, "nataka turudiane."

Mwanaima alikifunga kitabu. Alijibu kwa sauti ya upole.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Macho ndiyo yamemwacha."

"Basi wewe huwezi kumwacha. Na mimi nyumba ile sirudi, Fundi. Nilitoka pale kwa heshima yangu, siwezi kuingia tena nikiwa mtu aliyesamehewa kutozaa."

"Mama amebadilika. Yeye ndiye aliyeniambia nikuletee kitabu."

"Namshukuru. Umwambie namshukuru, na nimesema hivyo kwa moyo safi." Alitazama nje. "Lakini hapa nina hoteli yangu. Jioni nakwenda darasani, sasa nawasaidia waliochelewa kuliko mimi. Nikija Shinyanga nitakuwa nani? Nitakaa mkekani tena nikutilie vifungo?"

"Nitahamia huku. Si leo. Mama akiwa..." Hakuweza kuimaliza sentensi, kwa sababu aliona inakoelekea.

"Usiseme hivyo. Mtu hapangi maisha yake juu ya siku ya mama yake." Mwanaima alikirudisha kitabu rafuni. "Kuna watu wanauliza kwa kaka yangu. Sijasema ndiyo, sijasema hapana. Sikuahidi kungoja, na wewe usiniahidi kuja. Nakwambia tu nilipo."

Honi ya Ngassa ikalia. Mwanaima aliinuka, akamfungia samaki katika majani ya mgomba, akasema ni wa Bi Kijakazi, awaloweke kwanza maana wana chumvi. Alimsindikiza mpaka barabarani, hatua zake za haraka kama zamani. Hawakushikana mikono. Zamoyoni alipopanda alimwona amesimama pembeni mwa njia, mkono juu ya macho kwa sababu ya jua, na lori lilipopinda kona alimwona tena, bado hajaondoka.

"Maoni umepata?" Ngassa aliuliza walipofika mbali.

"Nimepata."

"Na lile jingine?"

"Lile sikupata."

Ngassa alibadilisha gia.

Njiani Zamoyoni alilipata jibu. Lilimjia ghafla, gari likiwa linatota kwenye tope: pengine Kisirani hakulalamika kwa sababu huko alikotoka hakukuwa na mtu wa kumsikiliza, na ulalamishi, kama kitu kingine chochote, ukikosa msikilizaji husahaulika. Lilikuwa jibu zuri. Alijua Mwanaima angelikataa, na alitamani kulisikia likikataliwa. Alilishika kichwani asilisahau, akaligeuza, akaongeza mfano, na kila walivyozidi kwenda likawa zuri zaidi, na mtu wa kuambiwa akawa mbali zaidi.

Walilala Ushirombo. Asubuhi kengele za misheni zikawaamsha, na Ngassa akagundua gurudumu moja limepoteza upepo, akaliinamia na jeki yake. Zamoyoni alikwenda kusimama kando ya barabara, samaki wa mama yake mkononi. Kulikuwa na ubaridi wa baada ya mvua. Wanawake walipita na majembe wakaenda zao mashambani, wakimsalimu.

Lori moja likatokea upande wa Kahama, tupu, linaelekea kule walikotoka. Dereva alimwona mtu mrefu amesimama na furushi, akadhani anataka lifti, akapunguza mwendo. Likaja polepole hadi karibu naye. Zamoyoni aliinua mkono, kiganja wazi, kama wa kulisimamisha. Alimwona dereva akimtazama, akingoja. Kisha akaupunga ule mkono, ikawa ni salamu tu, na dereva akamrudishia salamu, akakanyaga mafuta.

Alibaki amesimama pale mpaka sauti ya lori ilipopotea, halafu akaenda kumshikia Ngassa gurudumu.